Kilio cha Muntu Muzima

Likasi, Shituru
6 Aprili 2020

Papa Sephora,

Usishangae kupata karatasi. Simu nimeizima. Nimetoa na betri, nimeiweka chini ya unga ndani ya debe. Kila ikilia, kabla sijaangalia ni nani, nimekwisha kuzika watu watatu. Juzi ililia mara nane: dada yako Adrienne, ba mama wa kwaya, halafu muntu mumoja aliyekosea namba. Huyo wa kukosea namba nilimuambia "pole sana" kabla hajafungua mudomo. Akaniuliza, pole ya nini, mama? Basi. Mansour dereva anasema anapeleka chakula kwenu huko Mwadingusha kila juma, na barua haina uzito. Tuandikiane.

Uliondoka kwa majuma mawili ya kazi, sasa redio inasema hakuna kutoka, na kampuni imefunga geti ya baraji na bwawa lake, na ninyi ndani. Umeme lazima utoke, nimeelewa. Kifua changu ndicho hakijaelewa. Kinaanza saa kumi na moja asubuhi. Vidole vinakufa ganzi, pumzi inakuwa fupi fupi, nasema leo ndiyo leo, nakufa, na Sephora ndiye atanikuta. Halafu sifi. Halafu inaanza tena. Miaka tisa unaniona hivyo. Dokta wa Lubumbashi aliandika jina lake kwenye karatasi, ugonjwa wa wasiwasi, akanipa vidonge. Mama yako anaita mapepo. Weye hujawahi kuita kitu, unasema tu "tulia, Bibiane". Nani amewahi kutulia kwa sababu ameambiwa tulia?

Hatutoki hata kidogo. Maji tunachota bomba ya humu humu ndani ya uwanja wa lupango, mboga Mama Emmanuella wa jirani anaturushia juu ya ukuta, na minye nashona kashene za kufunika pua kutwa nzima. Sephora anakata kamba. Barua yako ikifika nitaipiga pasi kwanza, makaa ya moto sana, pande zote mbili. Andika.

Mama Sephora wako,
Bibiane


Mwadingusha
13 Aprili 2020

Mama Sephora,

Barua nimepata. Huku hakuna shida yoyote. Tuko wanaume kumi na tisa, tunalala kwenye nyumba za kampuni, tunakula samaki wa mto Lufira mpaka tumewachoka. Mashine zinazunguka. Kila asubuhi muuguzi anatupima joto kwenye paji la uso, kila muntu yuko sawa. Minye ni muzima kabisa.

Nakuomba mambo mawili. Redio isikilize mara moja kwa siku, siyo kutwa nzima. Halafu umuache Sephora acheze nje. Huo ugonjwa hautembei peke yake barabarani ukitafuta watoto wa Shituru. Sali, kula, lala. Kuwaza ndiko kunakuharibu.

Unauliza nani amewahi kutulia kwa kuambiwa. Minye. Nikiambiwa tulia, natulia.

Fidèle


Likasi, Shituru
27 Aprili 2020

Papa Sephora,

Nimeipiga pasi barua yako, imeungua kona moja, lakini "natulia" imebaki inasomeka vizuri. Hongera zako.

Ngoja nikuambie kitu cha ajabu. Mutaa muzima umekuwa minye! Mama Emmanuella ananawa mpaka kiwiko. Mwalimu wa nyumba ya tatu anafungua mulango kwa kitambaa. Wale waliokuwa wananicheka nikifuta viti sokoni, sasa wanasimama ng'ambo ya ukuta wananiuliza: Mama Sephora, javel ya kuua vijidudu unachanganya kiasi gani? Nyanya unaosha mara ngapi? Nawajibu kama profesa. Kwa mara ya kwanza tangu nilipougua sioni haya, na siku mbili nzima kifua kilikaa kimya. Nikasema, kumbe walichohitaji wenzangu ni kuogopa kidogo tu.

Siku ya tatu kikarudi, na nguvu mpya. Kwa sababu kama wote wanaogopa, basi si minye niliyekuwa nikikosea, basi ni kweli, basi tunakufa. Unaona kichwa changu kinavyofanya kazi? Hata habari nzuri kinaitafutia jeneza.

Sephora yuko salama. Mikono yake ni misafi kuliko ya askofu. Anauliza kama huko kuna viboko. Umujibu.

Bibiane


Mwadingusha
9 Mei 2020

Bibiane,

Adrienne alipita kwako, ukamusemesha kwa dirisha. Sawa. Lakini mutoto alitoa mikono nje kumusalimia tantine yake, na Adrienne aliona. Ngozi inatoka. Kati ya vidole mna vidonda. Alipanda gari ya Mansour akanitafuta mpaka getini kwa ajili ya hilo. Weye uliniandikia "mikono ya askofu".

Hilo nimelifikiri sana. Mutoto hajakanyaga barabara tangu Machi. Hachezi, hasemi na wenzake, anakaa na mama anayetetemeka na ndoo ya javel. Nimeamua aende Kamatanda kwa Adrienne mpaka nirudi. Siyo adhabu. Weye ni mugonjwa, na mugonjwa anapumzishwa.

Mutayarishie nguo.

Fidèle

Viboko viko, lakini mbali, chini kwenye mto. Umuambie.


Likasi, Shituru
14 Mei 2020

Fidèle,

Ni kweli. Nilitia javel nyingi, na niliendelea hata nilipoona ngozi inabadilika, kwa sababu nilijiambia bora ngozi kuliko mapafu. Na nilikuficha. Mwanangu alikuwa anasema "mama inauma", minye nikajibu "kidogo tu". Nimeacha. Tangu Adrienne atoke hapa namuosha kwa sabuni ya kawaida, asubuhi na jioni namupaka mafuta ya mawese, vidonda vinafunga. Njoo umuone. Basi huwezi, umefungiwa, lakini umuulize Mansour, yeye ameona.

Usimuchukue. Sikuombi kama mugonjwa, nakuomba kama mama yake. Kifua kikianza, Sephora anakaa mbele yangu, anasema vuta, anahesabu mpaka nne, anasema toa. Najua hiyo si kazi ya mutoto wa miaka tisa. Nimeanza kujihesabia mwenyewe, nafika tatu peke yangu. Nipe mwezi mumoja. Nitafungua mulango, nitamuacha acheze na wa Mama Emmanuella, nitafanya yote. Lakini ukimuondoa humu ndani nitabaki na kuta na redio, na sijui Bibiane gani atakufungulia ukirudi.

Naogopa nikiandika hivi. Naogopa kila kitu, lakini hili zaidi.

Bibiane


Mwadingusha
1 Juni 2020

Bibiane,

Nimesema na nimemaliza. Namutuma Papa Barnabé na barua hii, gari la kampuni litamufikishia, kwa sababu Adrienne ungemufungia mulango, lakini muzee wa ukoo hutamufungia. Umupe mutoto na nguo zake. Usilie mbele yake.

Fidèle


Likasi, Shituru
4 Juni 2020

Fidèle,

Weye ni mujinga. Naandika neno hili kwa wino na nitalipiga pasi libaki.

Kati ya watu wote wa ukoo wenu, unamutuma Papa Barnabé? Umesahau Papa Barnabé ni nani? Nani alileta kifo cha mama yangu? Papa Barnabé. Nani alileta cha kaka yako, cha baba yako mwenyewe? Kwenu kifo hakisemwi kwa simu. Anavaa lile koti lake la kijivu, anakuja asubuhi, anavua kofia, anaomba kiti, anaomba maji, anakunywa polepole mpaka chini, halafu ndipo anasema. Miaka kumi ya ndoa sijawahi kumuona na koti hilo kwa jambo lingine. Hata kwenye harusi yetu alivaa shati.

Jana saa mbili asubuhi nachungulia dirishani. Koti. Kofia mukononi. Amesimama getini na kashene imeteremka kidevuni, amechoka, macho mekundu, kumbe ni vumbi ya barabara. Nikafungua. Akasema, "Mama Sephora, nipe kiti." Nikampa. "Nipe maji."

Sikungoja amalize kikombe.

Nilipiga kelele ambayo sikujua niko nayo. Nikatoka. Unasikia? Nilitoka. Miguu mitupu, bila kashene, bila kitambaa kichwani, geti wazi nyuma yangu. Jambo moja tu lilikuwa kichwani: wale wa nguo nyeupe wanazika haraka, bila familia, wataweka mume wangu ndani ya shimo na minye sijamuona. Nikatembea mpaka kwa Mansour, kule karibu na reli, nikipita watu, nikishika kuta, nikishika mikono ya wanaoniuliza. Nikamuambia Mansour, washa gari, tunakwenda kumuchukua Fidèle, hata kama ni kwa nguvu. Hakuelewa. Mke wake Mayimuna alinikalisha, akaniosha miguu kwa mikono yake, hakuuliza kama ninaumwa. Mansour alikwama na tairi, akalitengeneza huku analia, akasema jana yake hakufika Mwadingusha, kwa hiyo hakuweza kukataa wala kukubali. Masaa matatu, Fidèle. Masaa matatu ulikuwa umekufa.

Huku nyumbani walisikia kelele yangu. Unajua Shituru. Redio iseme isiseme, kilio ni kilio. Lupango ilijaa! Ba mama wakakaa chini, viti vikatoka kila nyumba, kashene zote shingoni, Mama Emmanuella anaimba. Na Papa Barnabé katikati, analia kuliko wote. Walimuambia Fidèle amekufa, na yeye akaamini! Alidhani ameachwa nyuma na habari. Muzee wa watu, amekuja kuchukua mutoto, amejikuta anamulilia baba wa mutoto.

Ni Sephora aliyemaliza. Aliona bahasha kwenye mufuko wa koti, akaitoa, akajua mwandiko wako. Akasimama juu ya kiti akaisoma mbele ya watu wote, neno kwa neno, ili wajue papa yake anaandika, basi ni muzima. "Umupe mutoto na nguo zake. Usilie mbele yake." Alipofika hapo ndipo akaelewa anachosoma. Minye niliingia na gari ya Mansour wakati huo. Mutoto yuko juu ya kiti, karatasi mukononi, ananiangalia.

Polisi wakaja kutawanya, wakakuta hakuna maiti, wakakasirika mara mbili.

Sasa nisikilize vizuri. Kile nilichokiogopa miaka tisa kilikuja kikakaa kwenye kiti changu na kikanywa maji yangu. Na nilitembea. Kifua hakikupiga, vidole havikufa ganzi, nilijua la kufanya. Sisemi nimepona. Leo asubuhi sufuria ilianguka nikatetemeka nusu saa. Lakini nimekwisha kujiona, na muntu niliyemuona anaweza kulea mutoto.

Sephora haendi Kamatanda. Papa Barnabé amelala hapa, amekula bukari sahani mbili, na anarudi peke yake. Ukitaka mutoto, uje mwenyewe umuombe, yeye, siyo minye.

Bibiane


Mwadingusha
16 Juni 2020

Mama Sephora,

Abaki na weye. Sitarudia tena. Umuambie Sephora papa anamuomba musamaha, na barua ile aichome.

Nilisoma yako mara nyingi. Mara ya kwanza wenzangu walikuwa mezani, ikanibidi nitoke. Ningetaka kuandika zaidi, lakini mukono umechoka na kazi, unaona mwandiko ulivyo mubaya.

Huku kila kitu kiko sawa.

Fidèle


Likasi, Shituru
28 Julai 2020

Papa Sephora,

Sijui nianze wapi, kwa hiyo naanza na gari. Juma lililopita redio ilitangaza hali ya dharura imekwisha. Geti yenu ilifunguliwa. Tulifagia, tulipika sombe, Sephora alivaa gauni la Pasaka ambayo hatukuiona. Mansour akafika na wanaume wa Shituru nyuma ya gari, wanaimba, wake zao wanapiga vigelegele. Nilihesabu vichwa. Nikahesabu tena.

Mansour hakutaka kusema, nilimushika mukono mpaka akasema. Uliweka muguu kwenye gari, ukautoa. Ukauweka tena, ukautoa. Ukasema umesahau mufuko ndani, ukaenda, hukurudi. Wamengoja mpaka jua limekuwa kali.

Adrienne anasema una mwanamke huko. Afadhali ingekuwa hivyo, ningejua pa kuanzia kupiga. Lakini minye najua miguu inayokataa gari. Ninaijua kuliko muntu yeyote katika muji huu. Kwa hiyo nakuuliza jinsi dokta alivyoniuliza, na unijibu kwa ukweli au usijibu. Unalala saa ngapi? Vidole vinakufa ganzi? Unadhani moyo unasimama? Ilianza lini, Fidèle? Usiniambie kila kitu kiko sawa. Sentensi hiyo nimekwisha kuichoka.

Bibiane


Mwadingusha
7 Agosti 2020

Bibiane,

Ilianza Aprili.

Tulikuwa kumi na tisa, nilikuandikia. Arsène wa warsha, yule aliyekuwa akitengeneza redio yetu, alipimwa joto asubuhi moja, muuguzi akapima tena, akapima tena. Gari likaja, watu wamevaa nyeupe, wakamupeleka Lubumbashi. Nilikuwa nimekula naye sahani moja siku hiyo. Alikufa baada ya siku tisa. Sikukuandikia, nilisema Bibiane hataweza kubeba. Kumbe minye ndiye sikuweza.

Tangu hapo, kile kipimo kikikaribia uso wangu, masikio yanaziba. Nashika meza ili wasione mikono. Nakwenda kuangalia mashine ambayo nimetoka kuiangalia. Nalala saa moja, naamka nikiwa nimesimama. Nilipokuandikia "natulia" nilikuwa nimejifungia chooni na karatasi juu ya goti, kwa sababu mahali pengine pumzi haikuingia.

Na Sephora. Siku Adrienne alipokuja na habari ya mikono yake, sikuwaza hata javel. Niliwaza, nyumba ile yote itakufa na niko huku. Nikataka kumuhamisha mutoto mahali fulani, popote, ili kichwa kinyamaze kidogo. Nikaita hiyo uamuzi wa baba. Nikakuita weye mugonjwa. Naona haya, Bibiane. Miaka tisa nilikuwa nikisimama mulangoni nikikuambia tulia, nikitazama saa.

Gari lilipokuja, nilitaka kurudi kuliko kitu chochote. Miguu ikakataa. Wenzangu wananicheka kidogo, si kwa ubaya. Nyumbani usiwaambie, hasa mama, ataniletea ba muchungaji na mafuta.

Weye unafanyaje? Wakati kinaanza, unafanya nini kwanza? Nifundishe. Niandikie kwa maneno mafupi, siku hizi sishiki maneno marefu.

Fidèle


Likasi, Shituru
Jumatatu, 10 Agosti 2020

Fidèle wangu,

Nimelia, halafu nimecheka, halafu nimekasirika kwa ajili ya Arsène, ambaye nimemulilia peke yangu nimechelewa miezi minne. Ungeniambia. Ningekuandikia barua ya kilio, tungemulilia wawili.

Kikianza, kaa chini kabisa, kwenye saruji. Viatu vua. Usipigane nacho, hakuna aliyewahi kushinda kwa kupigana. Kiambie kwa sauti, umefika, kaa hapo, minye niko na kazi. Toa pumzi kuliko unavyovuta, kuvuta kutakuja kwenyewe. Tafuta kitu kimoja cha kuangalia, siyo saa. Utadhani unakufa. Hufi. Utadhani safari hii ni kweli, si kama zile nyingine. Ni kama zile nyingine. Ukimaliza, kula kitu cha chumvi. Kesho kitarudi, na hiyo haimaanishi umeshindwa. Vidonge vyangu sikupi, vina dokta wake, na tutamuona pamoja Lubumbashi, viti viwili.

Barua hii inatangulia kesho na gari la kampuni. Alhamisi Mansour anapanda na unga. Minye na Sephora tutakaa mbele naye. Tangu siku ile ya kilio sijapita njia panda ya soko, na kutoka hapa mpaka huko ni mwendo ambao tumbo langu limekwisha kuukataa asubuhi hii mara mbili. Nitatapika njiani, Mansour ameonywa, Mayimuna amenipa ndoo. Nitasema rudi, nitasema simamisha, na Mansour ameniahidi hatanisikiliza. Sephora alisema anakuja kwa hiari yake, kwa sababu bado hujamuomba musamaha kwa mdomo.

Ukisikia gari, usitoke kutupokea. Usisimame getini, usijilazimishe hata hatua moja. Kaa hapo hapo ulipo, kwenye saruji, viatu pembeni.

Minye ndiye nitaingia.

Bibiane